Kabla ya stetasi kulikuwa na kanga: tuliokulia nyumba za kupanga tukumbushane

Mtoto_wa_Uani #1

Wakuu, heshima kwenu.

Juzi usiku binti yangu, yuko kidato cha tatu, alikaa sebuleni kanuna kama aliyenyimwa chakula. Kumuuliza, kumbe mwenzake kaweka maneno kwenye stetasi ya WhatsApp. Hakutaja mtu, "lakini kila mtu anajua ni mimi, baba". Naye saa nzima anapekua mtandaoni kutafuta maneno makali ya kujibu yasiyo na jina la mtu. Nikacheka. Nikamwambia bibi yako alikuwa anafanya hayohayo, ila yeye alikwenda nayo bombani.

Miaka ya 1980 tulikuwa tumepanga Ngamiani, Tanga. Nyumba ya Kiswahili ya kawaida: korido katikati, vyumba vitatu huku, vitatu huku, nyuma ua. Uani bomba moja, choo kimoja, kamba ya nguo moja. Aliyewahi kupanga anaelewa kwamba hapo vita vinasubiri sababu tu.

Sababu ikawa kinu. Mama alimwazima kinu mama wa chumba cha nne (jina simtaji, watoto wake ni watu wazima na huenda wengine wamo humu). Kikarudi na ufa kutoka mdomoni mpaka kiunoni. Kimeletwa na mtoto, kimewekwa mlangoni, hakuna pole wala samahani. Mama hakusema kitu. Alikitazama, akakigeuza ufa ukaelekea ukutani, akaendelea kupepeta mchele wake.

Ijumaa yake akatoka na doti mpya ya kanga, imeandikwa: "Shukrani ya punda ni mateke". Anakwenda bombani na ndoo ambayo, nawaapia, ilikuwa imejaa tayari.

Siku nne kimya. Ya tano chumba cha nne wakajibu: "Wembamba wa reli, treni inapita". Sasa muelewe, yule mama alikuwa mwembamba kama mwiko, na mama yangu ni mtu wa mwili. Lilimwingia. Alirudi chumbani, akavuta kiti, akakaa. Baba anauliza kuna nini, anajibiwa "joto".

Mwezi uliofuata mama akaja na "Kelele za mlango hazininyimi usingizi". Hapo ndipo mambo yalipoharibika, maana mlango wa chumba cha nne ulikuwa unalia kweli, bawaba zimeshika kutu. Mwenye nyumba, mzee wa watu, alikuja kukusanya kodi, akaisoma ile kanga kwa sauti, silabi kwa silabi, kisha akasema, "Sasa mbona hamkuniambia?" Jioni karudi na kichupa cha mafuta ya cherehani, akazipaka bawaba za chumba cha nne. Ua mzima watu wameziba midomo kwa ncha za kanga.

Siku chache baadaye vita vikakoma ghafla. Sikuwahi kujua kwa nini. Mwaka huu natafuta kadi ya kliniki ya mama sandukuni, chini kabisa nakuta doti haijakatwa, haijakungwa pindo, karatasi ya kiwanda bado imebandikwa. Nikaisoma. Nilipomwonyesha akasema "rudisha ulipoitoa". Mama ana miaka 78, amri zake hazina rufaa.

Haya, leteni za kwenu.

kiti_cha_mbele #2

Nimekaa. Kanga ya sandukuni inasemaje? Usitufanyie hivyo, mkuu.

Mpenda_Vitafunwa #3

Hii chai, umetutungia. Tena ya maziwa. Mpaka kwenye punda nilikuwa na wewe, ila huyo mwenye nyumba na mafuta ya cherehani ndipo ulipomwaga sukari. Leteni maandazi.

Mtoto_wa_Uani #4

Chai gani tena? Nilitumwa kumshikia kandili. Mafuta yalinidondokea kidoleni.

binti_wa_muuza_kanga #5

Mama yangu kauza kanga Mtaa wa Uhuru, Dar, miaka mingi, na mimi nimekulia chini ya meza yake. Wanaume wengi humu mnadhani mwanamke anachagua kanga kwa rangi. Rangi ni ya pili. Mteja anafika, hagusi kitu, anasema "nisomee". Mama anavuta doti mojamoja, anaikunjua upande wa jina tu, anasoma. "Hapana. Hapana. Hiyo rudia." Ukisikia rudia, ujue kuna mtu huko mtaani kishapatikana.

Na hawaji na neno, wanakuja na kesi. "Nina wifi yangu kaja kusalimia tangu mfungo wa Ramadhani, sasa tunakwenda Iddi ya pili." Mama anasikiliza kama hakimu, anafikiri, anapanda kwenye kigoda anashusha moja ya juu kabisa. Hakosei. Mteja akisomewa anacheka kwa puani, anafungua pochi.

Kanuni yake ilikuwa moja: huulizi inamwendea nani. Kwa sababu huyo nani huenda jana alikuwa hapohapo ananunua ya kwake. Siku moja wakagongana dukani, wawili wa mtaa mmoja, kila mmoja keshachagua, doti mkononi, jina limekaa wazi. Walisalimiana vizuri sana. Wote wawili wakarudisha walizoshika wakanunua kisutu, ile nyekundu na nyeusi isiyo na maandishi. "Tuna harusi." Harusi yenyewe haikuwepo.

Leso_Mvita #6

Nyinyi watu wa bara mwaita kanga, sisi Mombasa twaita leso, na sisi ndio wenyewe. Neno lenyewe la Kireno, kitambaa cha mkononi. Na hayo maneno mnayotupiana, nendeni Biashara Street mkaulize. Kaderdina Hajee Essak alianza biashara hapo Mombasa 1887, na leso zake zilikuwa na alama "Mali ya Abdulla", Abdulla ndilo jina watu walilomjua nalo. Yeye ndiye anayetajwa sana kuwa alieneza mtindo wa kutia methali kwenye leso. Duka liko mpaka leo, mamangu hapiti bila kuingia, hata akiwa hana senti.

Kwa hivyo ukiona mtu kakupiga kijembe Tanga au Dar, mjue kimetoka kwetu. Karibuni.

Mzee_wa_Kaniki #7

Leso_Mvita umesema kweli, ila wanaosema jina la kanga limetoka kwa ndege nao hawajakosea, na wala hayo mawili hayagombani. Leso zilikuja madukani zimeungana kwenye gora. Wanawake wa pwani wakawa wananunua sita, wanashona tatu juu tatu chini, inapatikana nguo moja. Wafanyabiashara walipoliona hilo wakaagiza iliyochapwa nzima. Miundo ya mwanzo ilikuwa na vidoa, ndipo watu wakaiita kanga, kwa yule ndege mwenye madoa na kelele. Madoa mengi yameshatoka. Kelele ziko.

Lakini mnaruka pazito. Kabla ya kanga, mtumwa wa kike Unguja alijifunga merikani, pamba isiyopaushwa iliyokuwa inakuja na meli za wafanyabiashara wa Salem kule Massachusetts, ndiyo maana ikaitwa hivyo. Au kaniki, pamba iliyotiwa nili ikawa nyeusi. Ukiiona nguo umeshamjua mwenyewe ni nani na ni wa nani. Utumwa ulipofutwa kisheria Unguja mwaka 1897, wanawake waliotoka utumwani wakaiacha kaniki wakavaa kanga ya rangi, maua makubwa, pindo pana. Maneno yalikuja baadaye, mwanzoni mwa karne ya 20, kwanza kwa herufi za Kiarabu kisha hizi za Kirumi. Ila mimi huwa nasema kanga ya kwanza kumjibu mtu haikuwa na herufi hata moja. Mwanamke aliyekuwa amevaa kaniki jana kapita mbele ya baraza ya bwana wake wa zamani na nguo ya rangi tatu. Hapo unataka aandike nini?

Na jingine linalonichekesha mpaka leo. Hizi kanga kwa muda mrefu hazikuchapwa huku. Zilichapwa Uingereza, Uholanzi, India, baadaye Japani. Vlisco wa Helmond, hao wa vitenge vya waksi, nao wamechapa kanga za pwani. Hebu mfikirie fundi wa Helmond, nje kunanyesha, kakaza macho anapanga herufi za kijembe cha mke mwenza wa Ng'ambo, Unguja. Hajui neno hata moja. Kapanga, kachapa, kapakia melini, kaenda zake kula viazi. Huku watu wawili hawaongei mwaka mzima.

Kwetu Tanganyika mpaka tulipopata viwanda vyetu. Urafiki pale Ubungo, kilichojengwa kwa msaada wa China, kilifunguliwa 1968.

kiti_cha_mbele #8

Kwa hiyo Mholanzi kamtukana bibi yangu na hana habari. Daah.

Kijani_na_Njano #9

Yangu ni fupi lakini ina maumivu.

Mama mkwe alikuja kutusalimia. Mwalimu mstaafu, mtu wa heshima zake. Wiki ya pili nikaona nimpe zawadi, mke wangu aone nami najua kuishi na watu. Nikapita dukani, nikaona kanga ya kijani na njano inawaka, rangi za Yanga hasa. Sikuuliza bei mara mbili. Nikamkabidhi kwa mikono miwili mbele ya mke na watoto, akapokea, akashukuru, akaikunjua. Akaisoma. Akaikunja.

"Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe."

Asubuhi natoka kwenda kazini namkuta uani kajifunga ileile, kasimama wima. "Shikamoo mama." "Marahaba baba. Jembe liko wapi?"

Mimi na mwili wangu huu nikajificha nyuma ya tangi la maji, nusu yangu iko nje. Mke hakuniongelesha mpaka Jumatano. Mama mkwe alikaa wiki tatu zaidi, na nahisi mbili kati ya hizo alizikaa kwa makusudi.

binti_wa_muuza_kanga #10

@Kijani_na_Njano wanaume wa rangi mlikuwa mnatulisha. Mama alikuwa na rundo la pembeni, kanga nzuri zenye majina yaliyokataliwa na wanawake wote wa Kariakoo. Analiita "la mabwana". Linaisha kila mwisho wa mwezi.

Fundi_Saa #11

Mtuhurumie. Jina la kanga liko wapi? Kwa chini, juu ya pindo. Mwanamke akiifunga, maandishi yanakaa hapo nyuma. Sasa wewe mwanamume unataka kusoma methali, una nia njema kabisa, unatafuta elimu, sentensi ni ndefu na inazunguka. Umefika nusu, kageuka. Utamwambia nini? Mimi nina methali zaidi ya ishirini kichwani ninazozijua nusu.

Mpenda_Vitafunwa #12

Hahahaha. Elimu hiyo endelea kuitafuta na macho yakiwa chini.

Mjukuu_wa_Muscat #13

Salamu kutoka Muscat. Bibi yangu ni mzaliwa wa Unguja, aliondoka baada ya Mapinduzi ya 1964, na kufika huku ilikuwa miaka ya 1970 Waomani wa Afrika Mashariki walipofunguliwa mlango wa kurudi. Nje anavaa abaya kama wenzake. Ndani ni kanga, moja kiunoni, moja kichwani, na Kiswahili chake cha Malindi ya Unguja ambacho wajukuu tunakichapia.

Anayekwenda Unguja lazima aagizwe kanga, na anaonywa asitazame maua. Zamani alikuwa anaandika kwenye karatasi maneno anayoyataka. Sasa hivi mjukuu akiwa dukani anapiga simu ya video, muuzaji anazikunjua mbele ya kamera, bibi kakaa Muscat kavaa miwani: "Sogeza. Sogeza. Hiyo imekosewa herufi, weka. Nyingine." Saa nzima. Muuzaji kule Darajani keshamzoea, anamuita bi mkubwa wa hewani.

Mara ya mwisho alichagua "Sisi sote abiria, dereva ni Mungu". Akaivaa siku tuliyosafiri naye kwenda kuwaona ndugu, na ndege ilipotikisika juu ya bahari akaishika ncha yake akamwonyesha mhudumu wa ndege, Mfilipino. Mhudumu akatabasamu, akamletea maji.

Mwana_wa_Kisomo #14

Mmechekesha, nami nimecheka. Ngojeni niwape na upande mwingine.

Baba alikuwa na wake wawili, Kilwa, nyumba moja mbele moja nyuma. Mama mdogo alisoma mpaka darasa la nne. Mama yangu hakuijua hata a. Mama mdogo akivaa kanga mpya, mama aliona rangi tu. Alijua kuna kitu kwa sababu wanawake wengine walikuwa wananyamaza yeye akipita.

Nilipoingia darasa la pili akaanza kunituma. "Nenda kamwamkie mama yako mdogo, uisome nguo yake." Nikaenda, nikasoma. Maneno yenyewe siyaleti hapa. Yalihusu kizazi, na mama alikuwa na mimi tu.

Nikarudi. "Imeandikwa nini?" Nikasema, "Karibu mgeni." Akakunja uso. "Mgeni gani?" Nikasema sijui, ndivyo ilivyoandikwa.

Basi nikawa sina pa kutokea. Karibu mwaka mzima mama mdogo alivaa, kwa mujibu wangu, "Karibu mgeni", "Mungu mkubwa", "Nani kama mama", na siku moja nilipoishiwa kabisa nikasema "Uhuru na Kazi". Mama akashangaa mke mwenzake kawa mtu wa siasa lini.

Mwaka 1970 Mwalimu Nyerere akautangaza kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na kisomo kikafika mpaka kwetu, chini ya mwembe. Mama akaenda. Alasiri kwa alasiri, anarudi na chaki kwenye vidole, anaandika jina lake kwa kijiti kwenye majivu ya jikoni. Ilimchukua zaidi ya mwaka.

Siku moja ile kanga ya kwanza ilikuwa imeanikwa, imeshachuja, maandishi yanasomeka kwa taabu. Mimi nakunja waya wa gari langu la kuchezea. Namwona mama kasimama mbele ya kamba, midomo inacheza. Anakwenda herufi kwa herufi, anarudi nyuma, anaanza tena. Nikajua. Nikaacha waya. Alipofika mwisho akageuka, akanitazama muda mrefu.

"Karibu mgeni?" akasema.

Sikujibu. Usiku nikakuta kipande cha nguru cha baba kiko kwenye sahani yangu.

kiti_cha_mbele #15

Nimeweka simu chini kidogo, nikairudia.

Mpenda_Vitafunwa #16

Mzee wangu #14, shikamoo. Hapa sina neno. Kwa mwenye uzi chai yangu bado iko jikoni.

Dogo_Kifurushi #17

Wakubwa nawasoma kwa heshima zote, ila tukubaliane stetasi ni bora. Unaona nani katazama, na saa ngapi. Nyinyi mlijuaje kama ujumbe umefika?

Mtoto_wa_Uani #18

Ndoo, mdogo wangu. Ukimpita mtu na kanga, halafu nyuma yako ukasikia ndoo imetua kwa kishindo, umefika. Ikitua polepole, hajasoma, rudi tena.

binti_wa_muuza_kanga #19

@Dogo_Kifurushi na mimi nikuongezee. Stetasi ni bure, ndiyo maana mtu anaweka kumi kwa siku, za asubuhi anamlenga shoga yake, za mchana bosi, za jioni yule aliyemwacha, na zote saa 24 zimefutika. Nani atashtuka? Kanga ilikuwa hela. Mtu kadunduliza, kapanda basi mpaka mjini, kachagua, karudi, kakunga pindo kwa mkono. Ukiiona mwilini mwake unajua huyu amenifikiria wiki nzima. Kuna heshima fulani humo, hata kama ni ya kuchukiwa.

Na ukishaivaa hufuti. Umepatana naye, kanga bado ipo, kuitupa huwezi, ni nguo. Inakuwa ya kulalia, inakuwa mbeleko, inakatwa nepi, mwisho inapigiwa deki. Nimewahi kuona nyumba ya mtu dekio limebaki na herufi nne, S-E-M-E. Nikajua hiyo ilikuwa "Wache waseme". Walisema kweli, na sakafu ikang'aa.

Utingo_Mstaafu #20

Na daladala je? Maneno ya nyuma ya gari mbona hamyataji? Mimi nimening'inia mlangoni tangu enzi za nauli ya dala, shilingi tano, na kioo chetu cha nyuma kilikuwa kinasomwa na mji mzima.

binti_wa_muuza_kanga #21

Kaka, daladala inamsema kila mtu, kwa hiyo haimsemi mtu. Kanga ina anwani.

Utingo_Mstaafu #22

Hapo umenishusha kituo kisicho changu, lakini haya.

Leso_Mvita #23

Msije mkadhani kila leso ni matusi lakini. Kuna za mkaja anazopewa mama wa biharusi, kuna za kumtunza mwari, kuna za kumfunika maiti. Na kuna za furaha tu. Obama aliposhinda 2008 zilitoka leso zina uso wake, juu "Hongera Barack Obama", chini "Upendo na amani ametujalia Mungu". Shangazi yangu alinunua doti tatu. Nikamuuliza, shangazi, wamjua? Akanijibu, "Wa kwetu yule." Na mpaka leo ile ya mwisho haitoi kabatini, yangojea harusi ya kitinda mimba wake, ambaye hana hata mchumba.

Fundi_Saa #24

Obama angalau uso uko katikati. Unasoma bila kesi.

kiti_cha_mbele #25

Mwenye uzi umetoroka. Sandukuni kuna nini?

Mtoto_wa_Uani #26

Sijatoroka, nilikwenda kuomba ruhusa.

Jana baada ya isha nimemsomea mama uzi wote. Kwenye habari ya mwana wa Kilwa alinisimamisha, akasema rudia, nikarudia, akanyamaza kidogo kisha akasema "huyo mwanamke alikuwa na mtoto". Kwa Mpenda_Vitafunwa kauliza "huyu wa nani?"

Halafu akanieleza mwenyewe, sikumsukuma.

Ile doti aliinunua Jumamosi, siku chache baada ya mafuta ya cherehani. Alitaka kuimaliza kazi. Alikuwa na mimba ya mdogo wangu, ya miezi minane. Usiku huohuo uchungu ukamshika, baba yuko zamu bandarini, mimi nimelala kama gogo. Hakupiga kelele, alikuwa anauma ncha ya kanga. Lakini ukuta wa chumba chetu na cha nne ni mmoja. Anasema hakumsikia yule mama akitoka kwake, kwa sababu mlango ule ulikuwa haulii tena. Alishtukia tu mkono begani na sauti inamwambia "shika hapa".

Gari lilipopatikana mtoto alishatoka. Cha kumfunikia kilichokuwa karibu ni kanga aliyokuja nayo jirani mwilini. Kwa hiyo mdogo wangu, ambaye leo ana kilo 110, nguo yake ya kwanza kuivaa duniani ni "Wembamba wa reli, treni inapita".

Ya sandukuni imeandikwa "Mdhaniaye ndiye, kumbe siye". Aliinunua akiwa na maana ya kwamba nilikudhani mwema. Nikamwambia, mama, si baada ya usiku ule maneno yaligeuka yenyewe? Ulimdhani adui, kumbe siye. Ungeivaa, ingekuwa ya kumsifu. Akanitazama kama vile sijakulia uani.

"Ningeivaa," akasema, "angeisoma nilivyoinunua."

binti_wa_muuza_kanga #27

Mama yako anajua kanga. Mpe salamu zangu.

Mzee_wa_Kaniki #28

Na kinu?

Mtoto_wa_Uani #29

Kilifungwa waya kiunoni, tukakitumia mpaka tunahama. Kuomba samahani hakuomba mtu mpaka leo.

Mpenda_Vitafunwa #30

Kilo 110? Chai yangu nilikuwa nimeshaimwaga, sasa naiteka tena. Weka picha ya kanga au huyo mdogo wako aje athibitishe.

Mtoto_wa_Uani #31

Picha hakuna, sanduku limefungwa na ufunguo uko kwenye ncha ya kanga ya mama. Mdogo wangu yumo humuhumu tangu jana. Muulizeni jembe la mama mkwe.

Kijani_na_Njano #32

Kaka, kilo 104.